Sharhi ya Hadithi

Sharhi ya hadithi ni maelezo yanayobainisha hadithi ya Mtume Muhammad (s.a.w.): imepokewa na nani, maneno yake yana maana gani, ilisemwa katika hali gani, na wanazuoni wamechota humo hukumu na mafunzo gani. Kwa Kiarabu elimu hii ni sharh al-hadith. Tawi lake linaloshika hadithi moja na kuipitia mpokezi kwa mpokezi na neno kwa neno huitwa al-hadith al-tahlili, na ni somo linalojitegemea katika vyuo vikuu vya Kiislamu, Al-Azhar ya Misri kikiwa kimojawapo.

Kwa Kiswahili istilahi hii imekosa jina moja lililotulia. Wako wanaosema tafsiri ya hadithi, wako wanaosema ufafanuzi, maelezo, uchambuzi au sherehe. Tofauti hizi si za mtindo tu. Kila neno kati ya hayo linamtayarisha msomaji kupokea kazi ya namna yake, na asiyejua ni kazi ipi aliyoshika mkononi huweza kuchukua rai ya mwandishi akadhani ni maneno ya Mtume.

Neno lenye nasaba ya karibu zaidi ni sherehe. Shina lake la Kiarabu hubeba maana ya kufunua na kukunjua, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo mahali pamoja mahsusi: kurasa za mwisho za diwani na tamthilia, ambapo maneno magumu hufafanuliwa chini ya kichwa “Sherehe”. Kitenzi kusherehi, yaani kueleza wazi, nacho kimo katika kamusi. Lakini msomaji wa leo akisikia sherehe huwaza harusi na Idi, na kitabu kikiitwa Sherehe ya Hadithi kitahitaji maelezo kabla hakijafunguliwa. Ndiyo sababu waandishi wengi wa mambo ya dini hurudi kwenye umbo lililo karibu na Kiarabu, sharhi, na hilo ndilo linalofaa kuwa jina la elimu yenyewe na la vitabu vyake.

Tafsiri lina tatizo la aina nyingine. Katika Kiarabu, tafsir ni ufafanuzi wa Qurani. Katika Kiswahili neno hilo limehamia kwenye kazi ya kutoa maneno lugha moja na kuyatia katika lugha nyingine. Mtu akinunua “tafsiri ya Arubaini Nawawi” hutarajia matini ya Kiarabu na Kiswahili chake, na kwa kawaida hupata hivyo hivyo. Kuiita sharhi kwa jina la tafsiri ni kuficha kwamba kuna mwanachuoni aliyepima na kuamua.

Uchambuzi ndilo linalofaa kwa tahlil, ile njia ya kuipitia hadithi neno kwa neno. Kuchambua karafuu ni kutenga tumba na kikonyo chake, bila kuponda kimoja wala kutupa kingine kabla ya kukitazama, na mwenye kusherehi hadithi hufanya vivyo hivyo na sehemu zake mbili kuu: sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Hivyo sharhi ni jina la kitabu au la elimu, na uchambuzi ni jina la njia inayotumika humo.

Hadithi ya nia, iliyo ya kwanza katika Sahihi ya Bukhari na ya kwanza pia katika Arubaini ya Nawawi, huonyesha kazi hiyo vizuri kuliko nyingine yoyote. Maana yake ya jumla inajulikana hata na watoto wa madrasa: matendo yamefungamana na nia, na kila mtu atapata alichonuia, aliyehama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake hijra yake ni hiyo, na aliyehama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kumwoa, hijra yake ni kwa hicho alichokiendea.

Mwenye kusherehi huanza na sanadi. Bukhari aliichukua hadithi hii kwa al-Humaydi, naye kwa Sufyan, naye kwa Yahya bin Said al-Ansari, naye kwa Muhammad bin Ibrahim al-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, aliyemsikia Umar bin al-Khattab akiitaja juu ya mimbari. Hapo kuna mambo ambayo msomaji wa kawaida angeyapita. Watatu kati ya hao, Yahya, Muhammad na Alqama, ni Tabiina, yaani watu wa kizazi kilichofuata Masahaba, wanaopokezana wao kwa wao. Tena kuanzia Umar hadi Yahya mapokezi yaliyo sahihi yanapita kwa mtu mmoja mmoja, na baada ya Yahya ndipo yanapotawanyika kwa watu wengi. Hadithi inayotajwa kote katika ulimwengu wa Kiislamu, kwa istilahi ya wanahadithi, ilikuwa gharibu, yaani ya mpokezi mmoja mmoja, mwanzoni mwake. Mwanahadithi al-Harawi alinukuliwa kwamba aliiandika kwa njia ya wanafunzi 700 wa Yahya. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyeisherehi Sahihi ya Bukhari, aliona hilo liko mbali: alitafuta katika vitabu vyote alivyovifikia asiweze kutimiza hata 100. Hiyo ndiyo heshima ya fani hii, kwamba idadi inayopendeza huhesabiwa upya hata inapotoka kwa mtu mkubwa.

Kisha huja swali la mahali. Kwa nini hadithi ya nia imewekwa chini ya mlango unaohusu mwanzo wa wahyi? Bukhari hakueleza, na anwani za milango yake zimewashughulisha wanazuoni kwa karne nyingi. Jibu mojawapo ni kwamba ameifanya hadithi hiyo badala ya dibaji, akitakasa nia yake kabla ya kuanza kazi. Ibn Hajar ametaja pia kwamba Bukhari ameanza na al-Humaydi kwa kuwa ni mtu wa Makka, ambako wahyi ulianzia, kisha katika hadithi ya pili akamleta Malik, mtu wa Madina, ambako wahyi uliendelea.

Matini ndiyo yenye mjadala mzito zaidi. Sentensi ya Kiarabu inasema matendo ni kwa nia, bila kitenzi. Lazima kuwe na neno lililokadiriwa, na fiqhi nzima ya udhu inategemea neno hilo. Jumhuri ya wanazuoni, Mashafii wakiwa miongoni mwao, hukadiria usahihi: tendo la ibada halisihi bila nia, kwa hiyo aliyeosha viungo vyake kwa kujipoza joto hana udhu. Mahanafi hukadiria ukamilifu au thawabu: viungo vimetoharika, sala itasihi kwa udhu huo, ila mtu huyo hana malipo ya udhu wake. Pande zote mbili zinasoma maneno yale yale.

Hapa mfasiri wa Kiswahili anabanwa. Akiandika kwamba matendo “hulipwa” kwa nia, amekwisha kuchukua kadirio la Kihanafi, pengine bila kujua, na kuwawekea mbele wasomaji ambao wengi wao pwani na visiwani ni Mashafii. Akiandika “husihi” ameelekea upande wa pili. “Hufungamana na nia” au “hutegemea nia” huacha mlango wazi, nao ni uamuzi wa busara katika tafsiri, lakini humwacha msomaji bila kujua kwamba kuna mlango. Kazi ya kumwonyesha ni ya sharhi.

Linabaki tukio lililosababisha kauli, linaloitwa sababu ya wurudi. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alihamia Madina ili amwoe mwanamke aitwaye Umm Qays, hata akaitwa mhamiaji wa Umm Qays, na waandishi wengi wamesema hadithi ya nia ilisemwa kwa ajili yake. Ibn Hajar anakubali sanadi ya kisa hicho, ila anaeleza kuwa hakuna humo kinachoonyesha kwamba Mtume alisema maneno haya kwa sababu ya mtu huyo. Ibn Rajab al-Hanbali naye hakuona asili yake yenye sanadi sahihi. Kisa hicho kinaendelea kusimuliwa kwenye mimbari hadi leo kana kwamba kimethibiti.

Si kila uchambuzi huzunguka hukumu nzito. Anas bin Malik alikuwa na ndugu mdogo wa mama mmoja, aliyepewa kuniya, yaani jina la “baba wa fulani”, ya Abu Umayr. Mtoto huyo alikuwa na kijidege cha kuchezea, kikafa. Mtume alipomwona ana huzuni, alimtania kwa upole akimuuliza habari za kijidege chake, kwa maneno yenye vina. Baadhi ya watu waliwabeza wanahadithi kwa kupokea jambo kama hilo lisilo na faida. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass, aliyefariki mwaka 335 Hijria, akaandika kijitabu akitoa humo faida 60: kwamba mzaha unajuzu, kwamba mtoto aweza kupewa kuniya kabla hajawa na umri wa kuzaa, kwamba kiongozi huwatembelea raia zake, kwamba mtoto aruhusiwe kucheza na ndege bila kumtesa. Hata suala la kuwinda katika eneo takatifu la Madina liliingizwa humo, Mahanafi wakimtumia kijidege huyo kama hoja na Mashafii wakijibu kwamba huenda alinaswa nje ya mipaka.

Fani hii ilikua taratibu. Kabla ya sharhi kamili kulikuwa na vitabu vya maneno mageni ya hadithi, kama cha Abu Ubayd (alifariki 224 Hijria, 838), na vya kupatanisha hadithi zinazoonekana kupingana, kazi iliyoanzishwa na Imamu Shafii na kuendelezwa na Ibn Qutayba na al-Tahawi. Al-Khattabi (alifariki 388 Hijria, 998) alisherehi Sunan ya Abu Dawud, kisha Sahihi ya Bukhari, na kazi yake juu ya Bukhari ndiyo ya kale zaidi iliyotufikia. Ibn Abd al-Barr wa Kordoba aliisherehi Muwatta ya Imamu Malik, akapanga kitabu chake kwa majina ya mashekhe wa Malik. Al-Nawawi (alifariki 676 Hijria, 1277) aliacha sharhi ya Sahihi ya Muslim ambayo mpaka sasa ndiyo ya kwanza kufunguliwa na wanafunzi.

Kilele ni Fath al-Bari ya Ibn Hajar. Utangulizi wake, Hady al-Sari, ulikamilika mwaka 813 Hijria. Sharhi yenyewe ilianza 817 na kumalizika 842. Alianza kwa kuimlisha, kisha akawa anaandika mwenyewe kidogo kidogo. Kila sehemu iliyokamilika ilinakiliwa na wanafunzi wake, na siku moja kila wiki walikutana kuilinganisha, kuihoji na kuisahihisha. Alipomaliza aliandaa karamu kubwa nje ya Kairo iliyogharimu takriban dinari 500. Mwenzake na mshindani wake katika mji huo huo, Badr al-Din al-Ayni wa Kihanafi, aliandika Umdat al-Qari juu ya kitabu kile kile. Ukitaka kuona jinsi madhehebu yanavyoongoza usomaji, ziweke sharhi hizo mbili sambamba.

Madhehebu mengine yana sharhi zao. Al-Majlisi aliisherehi al-Kafi ya Mashia. Huko Oman, Nur al-Din al-Salimi (alifariki 1914) aliisherehi Musnad ya al-Rabi bin Habib, kitabu kikuu cha hadithi cha Maibadhi.

Kwa Waswahili, sharhi imeishi zaidi mdomoni kuliko kwenye karatasi. Katika darsa za msikitini shekhe husoma kipande cha Bulugh al-Maram au Riyadh al-Salihin kwa Kiarabu, akakitia Kiswahili, kisha akaeleza kwa kutegemea kitabu kilicho mbele yake, pengine Subul al-Salam ya al-Sanani au sharhi ya Nawawi juu ya Sahihi ya Muslim. Msikilizaji husikia sauti moja tu, na asipoambiwa hawezi kujua Mtume ameishia wapi na Nawawi ameanzia wapi. Shekhe makini hutamka mpaka huo. Mwandishi naye ana vyombo vyake: matini peke yake, tafsiri chini yake, na sharhi ikiwa na jina la mwenye rai. Maelezo yaliyoandikwa juu ya sharhi nyingine huitwa hashia, na dokezo fupi la pambizoni huitwa taaliki. Maneno yote mawili yamo katika mazungumzo ya vyuoni, na hayahitaji kubuniwa upya.