Malintzin, mjakazi aliyekuwa mkalimani wa Cortés

Hernán Cortés aling'oa nanga kutoka Cuba mwezi Februari 1519 akiwa na merikebu 11, askari wapatao 500 na farasi 16. Mkalimani aliyemtegemea alikuwa Mmaya aliyetekwa katika safari iliyotangulia, naye hakukaa. Bernal Díaz del Castillo, askari aliyekuwamo msafarani, anasimulia kwamba mtu huyo alitoroka walipofika Tabasco, akaziacha nguo zake za Kihispania zikining'inia mtini.

Kufikia hapo Cortés alikuwa amekwisha kumpata mwingine. Katika kisiwa cha Cozumel alijiunga naye Gerónimo de Aguilar, Mhispania ambaye chombo chake kilivunjika mwaka 1511 na aliyeishi miaka minane miongoni mwa Wamaya. Mwenzake, Gonzalo Guerrero, alikataa kurudi: alikuwa na mke na watoto huko, na baadaye alikufa akipigana upande wa Wamaya.

Baada ya mapigano ya Tabasco mwezi Machi, watawala walioshindwa walitoa zawadi za kutafuta amani, na miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo wanawake 20. Mmoja wao alibatizwa kwa jina la Marina. Alizaliwa katika jamii ya wasemaji wa Kinahuatl upande wa Coatzacoalcos, akaingizwa utumwani kwa Wamaya, na huko akajifunza lugha yao. Cortés alimgawa kwa mmoja wa maofisa wake.

Thamani yake ilijulikana wiki chache baadaye, katika pwani ya Veracruz. Wajumbe wa Moctezuma, mtawala wa Tenochtitlan, walikuja wakisema Kinahuatl, na Aguilar hakuelewa neno. Marina alielewa. Tangu siku hiyo Cortés alisema Kihispania, Aguilar akakigeuza kuwa Kimaya, naye Marina akakigeuza kuwa Kinahuatl. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo. Haukupita muda mrefu akajifunza Kihispania, na Aguilar hakuhitajika tena.

Kinahuatl hakina sauti ya r, kwa hiyo wenyeji walimwita Malina, wakaongeza kiambishi cha heshima -tzin: Malintzin. Wahispania nao walisikia Malinche. Ajabu ni kwamba Cortés mwenyewe aliitwa Malinche na wenyeji. Bwana alijulikana kwa jina la mjakazi aliyemsemea.

Tarehe 8 Novemba 1519 Cortés na Moctezuma walikutana Tenochtitlan, na Malintzin alikuwapo kati yao. Katika barua aliyomwandikia mfalme wake, Cortés alidai kwamba Moctezuma alimkaribisha kwa kukiri kuwa nchi ile ni haki ya mfalme wa Hispania, na kwamba yeye na watu wake watatii. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka taarifa hiyo. Katika Kinahuatl cha wakuu, mwenyeji mwenye adabu hujishusha na kumkweza mgeni. Anaweza kumwambia kwamba kiti ni chake, na kwamba yeye alikuwa akimtunzia tu. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kuelewa jambo hili. Asili ya shikamoo huelezwa kuwa ni kushika miguu, lakini kijana anayeamkia hivyo hajamkabidhi mzee shamba lake.

Wala hatuwezi kumtwika mkalimani kosa hilo, maana hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Mwenye sababu ya kuyapinda maneno alikuwa mwandishi wa barua. Cortés alikuwa amevunja amri ya gavana wa Cuba, na alihitaji kumshawishi mfalme kwamba safari yake ilikuwa halali. Barua hiyo ni ya tarehe 30 Oktoba 1520, miezi minne baada ya wenyeji kumfukuza Tenochtitlan usiku. Ikiwa Moctezuma alikuwa amejisalimisha kwa hiari, basi waliopigana baadaye hawakuwa watu wanaolinda mji wao bali waasi, na vita dhidi yao vilikuwa vya haki. Mji ulianguka tarehe 13 Agosti 1521, baada ya ndui na kuzingirwa kwa zaidi ya miezi miwili.

Katika barua hiyo ndefu Malintzin anatajwa kwa kupita tu, bila jina: mwanamke wa nchi hii. Wachoraji wa Tlaxcala, waliosimulia vita hivyo kwa picha katikati ya karne ya 16, walimweka mbele, tena na tena, akisimama kati ya pande mbili.

Leo nchini Mexico neno malinchista ni tusi kwa mtu anayetukuza vya wageni na kudharau vya kwao. Shutuma hiyo ina walakini. Mwaka 1519 hapakuwa na taifa la Mexico la kusalitiwa. Maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala waliungana na Wahispania kwa sababu Tenochtitlan ilikuwa adui yao. Malintzin mwenyewe alikuwa ametolewa kama bidhaa, na zaidi ya mara moja.

Alimzalia Cortés mtoto wa kiume, Martín, kisha akaozwa kwa Mhispania mwingine, Juan Jaramillo, wakati wa msafara wa Honduras. Mwaka 1528 Cortés alirudi Hispania, akamchukua Martín, aliyekuwa na umri wa miaka sita hivi. Mama alibaki Mexico, na inakadiriwa kwamba alifariki dunia karibu na mwaka 1529.