Mbalanga na Jeraha la Ngozi: Waliyoyaona Matabibu wa Zamani

Baras, ambayo sisi huiita mbalanga, imetajwa katika Qur'ani Tukufu mara mbili, Suratu Aal Imran aya ya 49 na Suratul Maida aya ya 110, katika miujiza ya Nabii Isa (a.s.). Mafaqihi wameizungumza zaidi katika mlango wa nikaha. Kwa Maliki, Shafii na Hanbali ni kasoro inayoweza kumpa mmoja wa wanandoa hiari ya kuvunja ndoa. Kwa uzito wa hukumu hiyo, wanazuoni wa Kishafii waliitenga na bahaq, na wakataja alama: mahali penye baras pakiminywa hapageuki kuwa pekundu. Basi si kila doa jeupe ni baras, na anayemvunjia binti wa watu posa kwa doa tu ameharakisha.

Tabibu Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga aliyefariki Damascus mwaka 646 Hijria (1248), aliandika juu ya mbegu za mmea uitwao atrilal, dawa iliyokuwa siri ya kabila moja la Waberberi. Mgonjwa alizinywa kisha akaanika madoa juani mpaka yakatoa malengelenge. Katika miaka ya 1940 madaktari wa Misri, miongoni mwao El Mofty wa Cairo, waliichunguza dawa hiyo, na kutokana nayo yakapatikana matibabu ya mwanga yanayopimwa.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Mwaka 1872, huko Breslau, tabibu Heinrich Köbner alieleza habari za mgonjwa wa soriasisi ambaye ugonjwa wake ulizuka kila mahali ngozi ilipojeruhiwa. Baadaye ilibainika kuwa mbalanga nayo ina tabia hiyo. Mkwaruzo, kuungua, wembe, mkanda unaobana, hata msuguano wa kila siku wa viwiko na vifundo, vyaweza kuleta doa jipya au kulipanua la zamani. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hung'oka kwa urahisi kwa mtu mwenye maradhi haya, na uvimbe wa jeraha huwaita askari wa mwili, nao huzishambulia. Doa huonekana baada ya wiki kadhaa, ndipo watu wasilihusishe na jeraha. Kwa hiyo jua lililopimwa hutibu, na jua linalounguza laweza kudhuru. Wanaosugua madoa kwa mawe au kuyachoma kwa dawa kali wanayaongeza.

Ndugu msomaji, hili linaigusa ibada. Kusugua viungo katika udhu ni wajibu kwa Maliki, lakini kwa Shafii, ambayo ndiyo madh-hebu ya wengi wa pwani yetu, ni sunna. Basi mgonjwa wa Kishafii akipitisha maji kwa upole yakaenea, udhu wake umetimia. Na mwanamume anayehiji naye kichwa chake kina madoa, kupunguza nywele kwa mkasi kunamtosha, hana haja ya wembe.