Dar es Salaam, Mji wa Waliohamia

Kabla Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, hajaanza kujenga kasri lake katika bandari tulivu ya Mrima, miaka ya 1860, palikuwapo Mzizima, kijiji cha wavuvi, na hata hapo wakazi hawakuwa wa asili moja. Washomvi, walionasibisha jadi yao na Barawa ya pwani ya Banadiri, walikaa ufukoni, na Wazaramo walishika mashamba ya nyuma. Wazee husimulia kwamba Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba, Pazi Kilama wa Uzaramo alishuka na watu wake kuwanusuru, na tangu siku hizo Washomvi wakawa wakitoa ada kwa Wazaramo, iliyoitwa kanda la pazi.

Majid aliwaita Waarabu wa Hadhramaut na wafanyabiashara wa Kihindi. Lakini minazi ilipandwa na watumwa, ambao hawakuitwa bali waliletwa kwa nguvu, na haijuzu kuwataja waasisi wa mji bila ya kuwataja hao. Sultani alifariki mwaka 1870, na nduguye Barghash hakuushughulikia sana mji ule, hata Wadachi, yaani Wajerumani, walipouhamishia makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Pamoja na Wadachi walikuja askari walioandikwa na kamanda wao Wissmann, Wanubi kutoka Misri na Wazulu kutoka Msumbiji. Miongoni mwa Wazulu hao alikuwapo Sykes Mbuwane, aliyetoka upande wa Inhambane. Mwanawe, Kleist, alizaliwa Pangani mwaka 1894, akakulia na kufanya kazi Dar es Salaam, na mwaka 1929 akawa mmoja wa waasisi wa African Association, chama cha Waafrika bila kujali kabila. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilizidi kuufungulia mji bara, Wanyamwezi na Wamanyema wakashuka kutafuta kazi, na wengi hawakurudi.

Serikali za kikoloni zilitaka kila jamii ikae mtaani kwake: Wazungu ufukoni penye upepo, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo, pale palipokuwa kambi ya wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Amri hiyo ilikusudiwa kutenga, lakini ndani ya Kariakoo watu walichanganyika. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba akakaa chumba kimoja, vingine akapangisha, na aghalabu Mluguru, Mmanyema na Mndengereko walichota maji uani pamoja na kuuguziana watoto. Penye msiba, Mnyamwezi aliye mtani wa Wazaramo aliweza kulizuia jeneza njiani, au kujilaza kaburini, mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatiririka. Naona utani huo, uliotokana na safari za misafara ya zamani, ulifanya kazi ya kuwaunganisha watu ambayo hakuna liwali wala mkuu wa wilaya aliyeiweza.

Siasa ya taifa ilizaliwa katika baraza hizo. Julius Nyerere, Mzanaki aliyekuwa mwalimu Pugu, alipokelewa na watoto wa Kleist, Abdulwahid na Ally. Na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ya New Street, Kariakoo, chama cha siasa cha TANU kikaasisiwa. Mjukuu wa Mzulu alimfungulia mlango Mzanaki katika mji wa Wazaramo, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwaka 1967 mkoa ulihesabiwa watu kiasi cha 350,000. Sensa ya 2022 ilipata 5,383,728. Wazaramo wamelipa gharama kubwa kuliko wote kwa ukuaji huo, kwani mashamba yao ya miembe na minazi yamegeuka mitaa, mara nyingi kwa malipo hafifu, na insafu yataka jambo hilo liandikwe pamoja na sifa za ukarimu wao.

Nyumba za baraza zinabomolewa Kariakoo kila mwaka na maghorofa yanasimama mahali pake. Nawasihi wasomaji walio na wazazi Gerezani, Ilala na Magomeni wawaulize wametoka wapi, kwa njia gani na nani aliwapokea, wakayaandike majibu yao maadamu wahusika wangali hai.