Senta au mchezaji wa pembeni: Nani gwiji zaidi katika mpira wa vikapu?

SHABIKI wa mpira wa vikapu anayeishi Likoni huvuka kwa feri, wa Kisauni hupita daraja la Nyali na wa Changamwe huingia kisiwani kupitia Makupa, wote wakielekea ukumbi wa michezo wa Halmashauri ya Bandari (KPA) ulioko Makande, Mombasa. Wakishaketi, kuna ubishi mmoja ambao hauishi hata mchezo ukimalizika. Je, katika orodha ya magwiji wa nyakati zote atangulie senta, lile pandikizi la mtu linalotawala chini ya kikapu, au mchezaji wa pembeni anayedunda mpira na kuutupa kutoka mbali?

Swali lenyewe si la kupotezea wakati tu. Jawabu la mwalimu wa michezo ndilo huamua mvulana mrefu wa shule ya bara atafundishwa nini: kuuchezesha mpira, au kusimama karibu na nguzo akisubiri kuletewa.

Kizazi kilichoijua ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, kupitia Michael Jordan hakioni cha kujadili. Jordan alitwaa mataji sita kati ya 1991 na 1998 bila kuwa na senta wa kutisha kando yake. LeBron James alivunja rekodi ya pointi za ligi mnamo Februari 2023, naye Stephen Curry ametwaa mataji manne akitegemea mitupo ya mbali. Hata tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu inaelekea upande wao. Kuanzia 1984 hadi 2020 tuzo hiyo ilitolewa mara 37, na masenta walioipata ni watatu pekee: Hakeem Olajuwon (1994), David Robinson (1995) na Shaquille O'Neal (2000). (Tim Duncan, mshindi wa 2002 na 2003, huorodheshwa kama fowadi, ijapokuwa kazi yake kubwa aliifanya pale pale anapofanyia senta. Anayetaka kumhesabu na amhesabu, idadi itakuwa bado ndogo.)

Lakini hesabu hizo hugeuka kabisa mtu akirudi nyuma. Kati ya tuzo 21 zilizotolewa kuanzia 1960 hadi 1980, 20 zilichukuliwa na masenta. Aliyepenya katikati yao ni Oscar Robertson peke yake, mwaka 1964. Bill Russell alishinda mataji 11 katika misimu 13 akiwa na Boston, rekodi ambayo Jordan hakuikaribia. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mechi moja, Machi 2, 1962, na msimu huo alimaliza kwa wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Kareem Abdul-Jabbar alizoa tuzo sita za Mchezaji Bora na mataji sita, na pointi zake 38,387 zilibaki kileleni hadi LeBron alipozipita.

Ni kitu gani basi kilichotokea katikati? Watu warefu hawakuisha duniani. Kilichobadilika ni kanuni, na hapa ndipo wabishi wengi wa maskani hupita haraka mno.

Mwaka 1951 eneo la chini ya kikapu, ambalo mshambuliaji haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde tatu, lilipanuliwa kutoka upana wa futi 6 hadi futi 12, kwa sababu George Mikan wa Minneapolis alikuwa hazuiliki. Mwaka 1964 likapanuliwa tena hadi futi 16, safari hii kwa ajili ya Chamberlain. Vyuo vya Marekani navyo vilipiga marufuku kuutumbukiza mpira kikapuni kwa mkono kuanzia 1967 hadi 1976, na wengi waliona kwamba aliyelengwa ni Abdul-Jabbar, wakati huo akiitwa Lew Alcindor. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979. Mwaka 2001 ulinzi wa kanda ukaruhusiwa, hivyo ikawa rahisi kwa walinzi wawili au watatu kumzingira senta hata kabla hajapata mpira. Miaka mitatu baadaye waamuzi walianza kuwa wakali kwa mlinzi anayemgusa kwa mkono mchezaji wa nje, na wachezaji wa pembeni wakapata nafasi ya kupumua.

Hesabu ya mstari ule wa pointi tatu ni nyepesi. Mrushaji anayefunga mitupo 40 kati ya 100 hupata pointi 120. Ili senta amfikie, sharti afunge 60 kati ya 100, tena akiwa amebanwa na watu kila upande. Kufikia msimu wa 2012-13, hata kura za mashabiki za mechi ya nyota wa NBA zilikuwa zimeondoa nafasi ya senta, naye akachanganywa na mafowadi.

Kwa mizani hiyo, madai ya masenta ni mazito kuliko vijana wanavyokubali. Ni vigumu kumtaja mchezaji wa pembeni ambaye uwanja ulichorwa upya ili apunguzwe makali. Ushahidi wa ukuu hauhitaji kuwa kombe siku zote. Mara nyingine ni kamati ya kanuni iliyoketi kutafuta namna ya kumdhibiti mtu mmoja.

Afrika Mashariki ina kisa chake katika mjadala huu. Katika uteuzi wa chipukizi wa NBA wa mwaka 2009, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, aliteuliwa wa pili na Memphis. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia ligi hiyo. Aliyemfuata, wa tatu, alikuwa James Harden. Curry aliteuliwa wa saba. Harden na Curry wote walikuja kuwa Wachezaji Bora wa Msimu, ilhali Thabeet alicheza mechi yake ya mwisho NBA mwaka 2014 akiwa na wastani wa takriban pointi mbili kwa mechi. Tangu hapo jina lake hutumiwa kama rungu dhidi ya masenta wote.

Rungu hilo lina ufa. Mwaka 1984 Houston ilimteua Olajuwon wa Nigeria kuwa wa kwanza, ilhali Jordan alichukuliwa wa tatu, na hakuna anayeicheka Houston. Kicheko chote huiendea Portland, iliyomchukua Sam Bowie katikati yao. Olajuwon aliipa Houston mataji ya 1994 na 1995, na rekodi yake ya kuzuia mitupo 3,830 haijavunjwa. Tofauti yake na Thabeet haikuwa urefu, kwani Thabeet ndiye mrefu zaidi. Ilikuwa miguu. Olajuwon alikulia Lagos akicheza kandanda na mpira wa mikono kabla ya kugusa mpira wa vikapu, na wepesi ule aliubeba hadi chini ya kikapu. Dikembe Mutombo wa Kinshasa, aliyefariki Septemba 2024, alitambuliwa mara nne kuwa mlinzi bora wa ligi, lakini huwekwa daraja la chini kidogo kwa sababu upande wa ushambulizi hakuwa na mbinu nyingi kama zile.

Hata masenta waliorudisha heshima ya nafasi hiyo ni wa sampuli hii. Nikola Jokić wa Serbia, aliyeteuliwa wa 41 mwaka 2014, alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora mwaka 2021, 2022 na 2024, na ubingwa wa 2023, akitoa pasi ambazo wachezeshaji wengi wangezionea wivu. Joel Embiid, mzaliwa wa Cameroon, aliitwaa ya 2023 huku akirusha kutoka mbali bila woga.

Katika miji ya Kongo inayozungumza Kiswahili, mabadiliko haya yanaonekana kwa watu wawili. Bismack Biyombo wa Lubumbashi aliteuliwa wa saba mwaka 2011 kwa sifa ya kuzuia na kuokota mipira. Miaka kumi baadaye Jonathan Kuminga wa Goma aliteuliwa katika nafasi hiyo hiyo ya saba, lakini kama mchezaji wa pembeni, na kufikia 2022 alikuwa bingwa pamoja na Curry.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Februari 2021 mjini Yaoundé, timu ya taifa iliilaza Angola, wakati huo mabingwa mara 11 wa Afrika, kwa 74-73, na mtupo wa ushindi ulirushwa na Tylor Ongwae, mchezaji wa pembeni, sekunde za mwisho. Ushindi huo ulifungua njia ya kurejea kwenye fainali za bara baada ya miaka 28.

Viwanja vya wazi vya Pwani, hata hivyo, vina kanuni yao. Upepo wa kusi ukivuma, mtupo wa mbali ni bahati nasibu, na mwalimu mwenye kijana mrefu hushawishika kumweka karibu na kikapu amalize kazi. Atashinda mechi za wilaya. Lakini kijana huyo akivuka kwenda Makande, kwenye ukumbi usio na upepo, atakutana na warefu wenzake wanaojua kudunda mpira.

Orodha ya haki, kwa hiyo, inaweza kumtanguliza Jordan kwa uwezo wake wa kuamua mechi dakika za mwisho, lakini Russell na Abdul-Jabbar wakimfuata kabla ya mrushaji yeyote wa zama hizi. Atakayeivuruga huenda akawa Victor Wembanyama, Mfaransa ambaye baba yake ana asili ya Kongo, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2023. Ana zaidi ya mita 2.2, aliongoza ligi kwa kuzuia mitupo katika msimu wake wa kwanza, na hurusha pointi tatu kama mchezaji wa pembeni. Wabishi wa Makande watalazimika kuamua kwanza wamhesabu upande gani.