Bastola ya Washairi Wawili

Tarehe 30 Novemba 2016, mjini Paris, bastola kuukuu ya risasi sita ilitiwa mnadani. Wakadiriaji wa Christie's walikuwa wameipa thamani ya kati ya euro 50,000 na 60,000. Mnada ulipokwisha, hesabu yote pamoja na ada ilifika euro 434,500. Aliyeinunua mpya aliilipia faranga 23.

Huyo alikuwa Paul Verlaine, mshairi wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 29, aliyeingia katika duka la silaha la Montigny mjini Brussels asubuhi ya 10 Julai 1873.

Ajuaye silaha, akipewa bastola iliyokwishatumika, haanzi kwa kuuliza ilikuwa ya nani. Kwanza huhakikisha kwamba haina risasi ndani. Kisha huielekeza kasiba kwenye mwanga akachungulia: je, mifuo ya ndani ingali na kingo kali, au imeliwa na kutu? Huivuta nyundo polepole, akasikiliza kama silinda inasimama pale pale panapostahili, tundu likikabiliana na kasiba. Silinda ikichezacheza, bei hushuka. Huvitazama vichwa vya skurubu, maana skurubu iliyochubuka ni ushahidi wa mkono usio wa fundi. Rangi mpya humtia shaka kuliko mikwaruzo ya miaka mingi. Na kwa Lefaucheux ya milimita 7, kama hii, kuna dosari nyingine tena: risasi zake hutokeza kijipini ubavuni, ambacho nyundo hukigonga kutoka juu, na risasi za namna hiyo ziliachwa zamani. Bastola za aina hii zilitengenezwa kwa wingi mno, zikauzwa rahisi, zikawekwa mifukoni na kwenye droo za vitanda. Kwa mizani ya fundi, basi, ile ya Verlaine ni chuma cha kawaida.

Iliyoipandisha ni nambari 14096 iliyochongwa juu yake, pamoja na habari ya alasiri moja. Siku ile ile ya ununuzi, katika chumba cha hoteli, Verlaine aliyekuwa amelewa alimfyatulia risasi mbili Arthur Rimbaud, kijana wa miaka 18 aliyetaka kumwacha. Moja ilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mahakama ilimhukumu Verlaine kifungo cha miaka miwili. Rimbaud alirudi kwao, akamaliza *Une saison en enfer*, kitabu kilichochapwa Brussels mwaka huo huo.

Mwaka 2019 Lefaucheux nyingine ya milimita 7, iliyookotwa shambani Auvers ikiwa imeliwa na kutu hata haifai kitu, iliuzwa Paris kwa euro 162,500. Yasemekana ndiyo Vincent van Gogh aliyojipigia mwaka 1890. Hapo "yasemekana" ndilo neno zito. Hakuna aliyeithibitisha, na bado watu walishindana kuilipia.

Lakini katika kisa hiki kuna silaha kuukuu nyingine, ambazo wapenzi wa ushairi huzipita haraka. Rimbaud aliacha kutunga angali kijana, akaja Aden na Harar kufanya biashara. Mwaka 1885 aliingia katika shughuli ya kumpelekea Menelik, mfalme wa Shoa, shehena ya bunduki za fataki zilizokwishatupwa na majeshi ya Ulaya. Aliwaandikia jamaa zake hesabu kavu kabisa: bunduki hizo, kwa wauza silaha kuukuu wa Liège au Ufaransa, ni faranga saba au nane; kwa Menelik ni kama faranga arobaini. Yule aliyepigwa risasi Brussels ndiye aliyeandika bei hizo. Msafara ulitoka Tadjoura mwaka 1886 ukiwa na bunduki 2,040 na risasi 60,000. Mshirika wake alifariki kabla ya safari, wadai wa marehemu wakamzonga Rimbaud kila upande, na Menelik, mnunuzi aliyejua vyema kilichokuwa mbele yake, akaishusha bei. Mshairi aliondoka na faida ndogo kuliko jasho lake.

Mwambao huu uliijua biashara hiyo vizuri. Magobori yaliyochakaa ya Ulaya yalishushwa Unguja kwa maelfu, yakapanda bara pamoja na nguo na shanga, na pembe zikateremka. Mwaka 1890, Brussels ile ile, mataifa yalitia saini mkataba wa kuzuia silaha kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Rimbaud naye alikuwa ameitaja Zanzibar zaidi ya mara moja katika barua zake, kwamba huenda akaja kutafuta riziki. Alifariki Marseille tarehe 10 Novemba 1891, akiwa amekatwa mguu, bila kuiona.