Reli Iliyoishia Kamanyola

Leo tunaongelea reli. Mtasema: Rusizi na reli wapi na wapi? Kweli, hapa treni haijawahi kufika. Lakini simama Bugarama, tazama ng'ambo ya mto: ile ni Kamanyola, na treni ilifika pale.

Walioijenga ni Wabelgiji. Kufikia 1931 reli ilitoka bandari ya Kalundu, Uvira, ikafuata bonde la Ruzizi karibu kilomita 90 hadi Kamanyola. Mpango ulikuwa ifike Bukavu. Mlima ukakataa. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari, Kivu kama 1,460, na sehemu kubwa ya mpando huo inaanzia Kamanyola. Basi mizigo ilishushwa pale, ikapakiwa kwenye malori kupanda Ngomo. Sasa fikiria: kama lori lazima lije, kwa nini lisishuke moja kwa moja mpaka Uvira? Mwishoni mwa miaka ya 1950 reli ikafungwa.

Reli ile haikujengwa kwa ajili ya watu wa bonde. Ilikuwa ya kutoa pamba na kahawa. Kutoka Kalundu meli zilivuka kwenda Kigoma, ambako reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika 1914.

Wengi tunaamini reli ikifika, mji unakua. Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli, na leo ni jiji. Kigoma iliipita Ujiji, mji mkongwe wa jirani. Lakini Kamanyola je? Treni ilifika, jiji halikuja. Ofisi na pesa zilikuwa Bukavu, mji ambao haukuwa na treni hata siku moja. Kamanyola ilibaki mahali pa kushusha mizigo tu. Kumbe reli peke yake haijengi mji. Lazima pawe na soko, viwanda, shule, na watu wenye sauti.

Mambo hayo yanarudi sasa. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli ya Isaka–Kigali. Itaingia kutoka mashariki, na Rusizi iko kona ya kusini-magharibi, nyuma ya msitu wa Nyungwe. Upande wa Burundi kuna mradi wa Uvinza–Musongati. Rusizi ni kati ya miji sita iliyochaguliwa ili Kigali isibebe kila kitu peke yake, na ina saruji ya Bugarama na mpaka wenye biashara kila siku. Lakini treni ikiishia Kigali, mfuko wa mchele bado utapanda lori na kuvuka milima, na nauli hiyo atailipa mnunuzi wa Kamembe. Pengo kati ya miji hii miwili linaweza hata kuongezeka.

Kwa hiyo tusiulize tu "reli itafika lini?" Tuulize itabeba nini, ya nani, na itashusha wapi. Na nyinyi mnaopanga mafunzo ya vijana, mtufundishe pia uhasibu wa mizigo, ghala na forodha, maana kazi za mpakani zipo hata bila treni.

Wenye mababu waliofanya kazi kwenye reli ile, waulizeni wangali hai, mtuandikie hapa.