Bwawa la Nairobi na Tangi la Samaki

Leo naweka programu kando niwape historia kidogo.

Aliyewahi kufuga samaki anazijua wiki za kwanza. Kinyesi hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa nitriti, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Mrusi Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mzunguko ukitimia wengi hushangilia, kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Nitrati haina pa kwenda, inarundikana kama programu isiyoachilia memori. Dawa ni kubadilisha sehemu ya maji kila wiki, au kupanda mimea na kuipunguza.

Sasa toka mjini uelekee Lang'ata. Bwawa la Nairobi lilijengwa 1953 kwenye mto Motoine, liwe akiba ya maji ya kunywa. Watu wakaendesha mashua za tanga humo. Kibera, iliyo juu yake, ikakua bila mabomba ya majitaka, na uchafu mwingi ukaishia bwawani. Amonia, nitrati na fosfati zikalisha magugu maji, yakatanda juu ya maji, mashua zikakoma.

Magugu hayo hunyonya nitrati vizuri sana. Lakini yasipotolewa huoza papo hapo na kuirudisha majini. Ukiyang'oa bila kuzuia majitaka, yanarudi.

Tangi langu la lita 60 naliokoa kwa ndoo moja kila Jumamosi. Bwawa linangoja mabomba ya majitaka, na wanaoyahitaji kwanza ni wakazi wa Kibera.